Matanga ya Kware wa Kisimani

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote. Ukiona inafanana na yako, lawama zipeleke huko kwako, maana ya kwetu ilianza zamani na haijamwiga mtu. Ni nchi njema. Ina bendera, ina wimbo, na ina bomba la maji katika kila mtaa. Bomba letu la Kisimani limepakwa rangi ya buluu na limezinduliwa na mawaziri wengi. Maji tu ndiyo hayajafika.

Naomba nieleweke mapema kwamba mimi si mlalamikaji. Jina langu ni Sudi Mbaruku, lakini watu huniita Mwenyekiti, kwa kuwa ndimi mwenyekiti wa tawi la mashabiki wa Kware wa Kisimani, timu yetu ya besiboli. Uenyekiti huu sikuugombea. Siku ya uchaguzi wenzangu waliangalia chini, mimi nikachelewa kuangalia chini.

Msomaji atauliza besiboli ilifikaje kwetu. Serikali iliomba pampu za maji kutoka nchi moja rafiki. Nchi rafiki ikakubali, meli ikatia nanga, na makontena yakafunguliwa mbele ya bendi ya polisi na watoto wa shule waliosimama juani tangu asubuhi. Ndani mkakutwa marungu, mipira midogo migumu, na glovu za ngozi za mkono mmoja mmoja. Bendi ikanyamaza. Waziri akaigeuza glovu upande huu na upande ule, akaivaa, akaipungia hadhara.

"Ndugu wananchi," akasema, "maji ni kiu ya mwili. Michezo ni maji ya roho!"

Tukapiga makofi. Kwa miezi michache marungu yale yalitwangia kisamvu, tena vizuri sana, mpaka ikatoka amri kwamba besiboli ni mchezo wa taifa na kwamba tumekuwa tukiupenda tangu enzi za mababu.

Mchezo wenyewe si mgumu. Mmoja anarusha mpira, mwingine anausubiri na rungu. Akiupiga, anakimbia kupitia vituo vitatu, anahangaika, anajitupa mavumbini, halafu akifanikiwa sana anakuwa amerudi pale pale alipoanzia. Wageni walishangaa jinsi tulivyouelewa haraka. Sisi kukimbia sana na kurudi tulipoanzia tulikuwa na uzoefu nako.

*

Kware walifungwa mechi yao ya kwanza, dhidi ya Chui wa Ikulu, timu ambayo wachezaji wake wote ni wapwa wa watu fulani. Tulirudi mtaani kimya, tukakaa barazani kwangu tumeinamisha vichwa. Majirani wasiofuata michezo walipotuona wakadhani nimefiwa. Wakaja na unga, kuni na mikeka. Wanawake wakaingia uani wakabandika sufuria. Mama mmoja akaanza kulia bila kuuliza ni nani amefariki, kwa kuwa kuuliza kungekuwa ukosefu wa adabu.

Sasa ungefanya nini? Urudishe kuni za watu? Umwambie mama aliyekwisha kulia kwamba ni mchezo tu? Tuliona haya. Tukakaa matanga.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi. Kware wakifungwa, mikeka inatandikwa kwangu siku tatu: kahawa, tende, nyimbo za huzuni. Siku ya tatu nasimama kama mwenyekiti na kusema, "Wenzangu, msimu ujao," wote wanajibu, "Msimu ujao," na hapo tanga linaanuliwa, kila mtu anakwenda zake. Na kwa kuwa Kware hawakuwahi kushinda hata mechi moja, mikeka yangu ilichakaa kabla ya kuta za nyumba.

Aliyeongoza nyimbo alikuwa Bi Mize. Mume wake, marehemu Kombo, alikuwa mpiga ngoma wa tawi, na alifariki akiwa amevaa kofia ya Kware. Neno lake la mwisho lilikuwa kuuliza matokeo. Eda ya Bi Mize ilipokwisha, wenzake wakamletea hina apake mikono kama kawaida. Akaikataa.

"Hina ni ya furaha," akasema. "Nitaipaka siku Kware watakaposhinda. Kombo alingoja mpaka roho ikamtoka, mimi nishindwe kungoja na mikono mitupu?"

Kila msimu ulipoanza alitwanga majani mapya ya hina, akayachekecha, akayatia katika kopo la maziwa ya unga. Msimu ulipokwisha aliyamwaga. Mimi, kila nikiiona ile mikono yake myeupe, nilikuwa najisemea kwamba deni la kumwona Bi Mize amepaka hina liko juu yangu. Sikutaka kingine katika dunia hii. Hata maji nilikuwa nimeyasahau.

*

Halafu tukampata Jongo.

Siku moja binti yangu Tunu alikuwa ameanika dagaa uani, kunguru akatua. Kijana aliyekuwa akipita njiani akaokota kokoto, akairusha kupitia tundu la ua wa makuti, kunguru akaanguka hata kulia hakulia. Dagaa hakuguswa hata mmoja. Nikatoka nje mbio, si kwa ajili ya kunguru.

"Mwanangu," nikamwambia, "unaitwa nani, na umeoa?"

Kwa bahati Tunu alikuwa amempenda kabla yangu. Harusi ikafanyika, na Jongo akawa mrushaji wa Kware. Mtaa mzima ukasema tumeokoka.

Katika mechi yake ya kwanza alirusha mpira ukaenda kumpiga muuza karanga jukwaani. Mechi ya pili aliurusha nyuma. Nilimwona kwa macho yangu, mtu anatazama mbele na mpira unakwenda nyuma, na bado nilimtetea. Nilisema jua limemwingia machoni. Nilisema viatu vinambana. Tulituma watu kwa mganga, naye akasema kuna jambo kubwa limefungwa mahali pakubwa, na kwamba yeye ana watoto wadogo, asiulizwe zaidi.

"Ni upepo, baba," Jongo aliniambia jioni ile barazani, ameinamia kikombe cha kahawa.

"Pole, mwanangu," nikamjibu. "Upepo wa siku hizi hauna adabu."

*

Msimu uliopita likaja gari la serikali kunichukua. Dereva alinifungulia mlango, jambo lililonitia hofu kidogo. Nilipelekwa katika Wizara ya Subira na Michezo, jengo refu lenye lifti ambayo mtu huisubiri kwanza kama sehemu ya mafunzo. Ukumbini nilikuta viti vya velveti, maua ya plastiki, na katika mstari wa mbele kabisa Kware wote, wamevaa suti. Nikafurahi. Nikawaza kwamba hatimaye vijana wetu wanatambuliwa.

Waziri akapanda jukwaani. Ni mtu mnene mwenye sauti ya mtu anayefungua mkutano hata akiomba chumvi.

"Waheshimiwa," akaanza, "kukatika kwa umeme tunakuachia bahati. Barabara tunaiachia mvua. Lakini kushindwa kwa Kware hatukuachii bahati hata siku moja! Kunahitaji mipango, nidhamu na wataalamu waliobobea. Tazameni Kisimani. Bomba halijatoa tone tangu lisimikwe. Je, mmesikia manung'uniko? Hapana! Wako kwenye matanga! Wakitoka kwenye matanga, wanasubiri msimu ujao! Mwananchi anayeweza kuipenda Kware, waheshimiwa, hakuna asichoweza kukivumilia!"

Makofi yakalipuka. Na mimi nilipiga, kwa mazoea.

Kisha mshereheshaji akasoma majina. "Bwana Jongo, Afisa Kushindwa Daraja la Pili, anapandishwa cheo kuwa Afisa Kushindwa Mwandamizi, kwa ubunifu wake wa kumpiga muuza karanga."

Nikacheka. Nilidhani ni utani wa sherehe, wakubwa nao hupenda kuchekesha. Nikageuka nicheke na jirani yangu, nikaona hacheki. Hakuna aliyekuwa anacheka. Jongo alikuwa anapeana mkono na Waziri, mkono ule ule uliomwangusha kunguru.

Niliumia. Sina namna ya kulipamba neno hilo. Nilihisi kifua kimekuwa kitupu, na ndani yake matanga yote niliyokaa yananicheka, moja baada ya jingine.

Wakaniita nami nikavishwa Nishani ya Subira. Pini yake ilinichoma. Nikamfuata Jongo kwenye meza ya sambusa.

"Baba, ni ajira," akasema kabla sijafungua mdomo. "Tena ya kudumu."

"Na upepo?"

"Upepo gani, baba?"

Alikuwa amesahau. Mimi nilikuwa nimeutukana ule upepo miaka yote, na mwenyewe alishausahau.

Waziri akaja akanishika bega. "Mwenyekiti, habari njema. Siku ya Taifa tunazindua upya bomba la Kisimani. Safari hii ni rangi ya kijani. Kutakuwa na watu wengi, jua kali, na kiu, kwa hiyo baraza limeona ni busara mshinde. Kware watawafunga Chui wa Ikulu. Wewe utalia kwa furaha. Mpiga picha atakaa kushoto kwako."

"Na machozi yasipotoka, mheshimiwa?"

"Kitunguu kimeshatengwa," akasema.

*

Nilifika nyumbani nikamkuta Tunu anaosha vikombe vya kahawa kwa maji ya kununua. Nikamweleza yote. Hakushtuka. Aliendelea kusugua kikombe kimoja hadi nikakionea huruma.

"Baba," akasema, "hivi kweli ulikuwa hujui?"

"Nijue nini?"

"Muuza mboga anajua. Mwamuzi anajua. Yule muuza karanga alipewa pole na Wizara. Nilidhani unajua. Nilidhani wote mnajua, na ndivyo ushabiki ulivyo."

"Na wewe ulikuwa unaniletea kahawa pale mkekani. Unaniambia pole, baba."

"Ulikuwa na huzuni, baba. Pole yangu ilikuwa ya kweli."

Nilivaa viatu nikaenda kwa Bi Mize, nikiwa nimeazimia kumwambia. Nilimkuta kibarazani na kopo lake, anachekecha hina. Macho yake siku hizi yana ukungu, anachekecha kwa vidole na masikio.

"Mwenyekiti," akasema aliposikia hatua zangu, "safari hii moyo unaniambia. Sijui kwa nini, lakini unaniambia."

Nilikaa. Tukazungumzia bei ya mkaa. Nikaaga. Maneno niliyokwenda nayo nilirudi nayo yote. Nilijiambia, na hili nalisema ili msinione mwema kuliko nilivyo, kwamba furaha ya kughushi ni afadhali kuliko kutokuwa na furaha kabisa. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri kama Wizara.

*

Siku ya Taifa uwanja ulifurika. Bomba la kijani lilikuwa limeletwa katikati ya uwanja juu ya gari, limefungwa utepe, ili lizinduliwe bila wakubwa kuchafua viatu Kisimani. Mpiga picha alikuwa kushoto kwangu. Kitunguu kilikuwa mfukoni mwangu. Kulia kwangu alikaa Bi Mize na kofia ya marehemu Kombo kichwani, kopo la hina mapajani.

Mechi ikaanza, na Jongo akarusha.

Wenzangu, sijapata kuona kitu kile. Mpira ulipita hewani unavuma, ukaingia kwenye glovu ya mdakaji kwa kishindo kilichosikika mpaka jukwaa la mabalozi. Akarusha tena. Na tena. Wapwa wa Ikulu walicheza kwa utiifu mkubwa. Mmoja alizungusha rungu kabla mpira haujarushwa, akapigiwa makofi na mjomba wake. Kware walipopiga, mpira uliwapita Chui nao wanautazama kama watu wanaosindikiza mgeni. Uwanja ukasimama. Watu walikumbatiana, wakavua mashati, wakalia. Mwisho ukatangazwa: Kware wameshinda.

Mpiga picha akanigeuzia kamera. Nikaingiza mkono mfukoni.

"Mwenyekiti," akasema Bi Mize. Hakuwa amesimama. "Kile kishindo ni cha mpira wa Jongo?"

"Ni cha Jongo, Bi Mize."

"Anarusha hivyo?"

"Anarusha hivyo."

"Mkono huo alikuwa nao msimu uliopita?"

Kelele zilikuwa nyingi, ningeweza kujifanya sijasikia. "Alikuwa nao," nikasema.

"Na waliorusha kabla yake, Kombo wangu akiwa anaumwa, anauliza matokeo, nao walikuwa wanajua kurusha?"

"Walikuwa wanajua, Bi Mize. Ilikuwa kazi yao wasirushe."

Bi Mize akaivua ile kofia taratibu, akaiweka juu ya kopo la hina.

"Tandika mkeka," akasema.

Tawi la Kisimani haliendi popote bila mikeka, kwa sababu zinazojulikana. Nikatandika. Bi Mize akateremka akakaa, akaanza wimbo, ule tunaouanza wakati maiti bado yuko ndani. Watu wetu waliokuwa wanarukaruka wakageuka. Desturi ni desturi: mkeka ukiwa chini na Bi Mize akiwa anaimba, huwezi kuendelea kuruka. Mmoja mmoja wakaja wakakaa. Wengine walinong'ona kuuliza, wakajibiwa kwa kunong'ona, nami niliona nyuso zikibadilika mstari kwa mstari, kutoka kwetu kwenda juu jukwaani. Walioulizana hawakuwa wengi kama nilivyotarajia. Wengi walijikalia tu, kama watu waliokuwa wakisubiri mtu wa kwanza akae.

Mkuu wa polisi akaja na vijana wake. Huyu ana amri ya kutawanya maandamano, ana amri ya kuzuia furaha iliyozidi, lakini msiba hakuandikiwa. Akasimama, akababaika, akavua kofia. "Poleni sana," akasema.

"Tumeshapoa," tukajibu.

Waziri mwenyewe akashuka, jasho linamtoka. "Mnafanya nini? Mmeshinda! Nani amekufa?"

"Kware, baba," akasema Bi Mize.

"Lakini Kware wameshinda!"

"Ndiyo," akasema Bi Mize. "Tumewaona."

Redio ya taifa ilitangaza kwamba wakazi wa Kisimani walizidiwa na furaha hadi wakalazimika kukaa.

*

Tulikaa siku tatu kwangu kama kawaida. Siku ya pili Jongo alikuja, akasimama mlangoni. Kwetu mtu hafukuzwi matangani, hata kama yeye ndiye sababu. Akavua viatu, akakaa pembeni ya mkeka, Tunu akamletea kahawa bila kumtazama. "Poleni," akasema. Tukamjibu kwamba tumeshapoa. Hakuna aliyemuuliza kitu. Alipomaliza kahawa akabaki ameshika kikombe kitupu mpaka jua likazama, halafu akaondoka. Nilitaka kumwita mwanangu, kama zamani. Nikanyoosha pembe ya mkeka aliyoikalia.

Siku ya tatu tuligawa vitu vya marehemu Kware. Ngoma ilikwenda madrasa. Bendera alichukua mama mmoja afunikie unga. Kofia waligawiwa wenye kuku, kwa ajili ya kutagia. Nishani yangu ya Subira hakuna aliyeitaka, nikaitundika kwenye kamba ya nguo kama kibanio. Kisha nikasimama, na watu wote wakanyanyua nyuso kunitazama, midomo ikiwa tayari kuitikia.

Nikasema, "Tumeanua tanga." Nikakaa.

Baadhi yao walisubiri kidogo. Msimu ujao haukutajwa.

Asubuhi yake Bi Mize akaniita. Nilimkuta kibarazani na wenzake wanamchora. Mikono yake yote ilikuwa imepakwa, viganja hadi vifundo, maua na majani, hina mbichi inanukia. Marehemu kazikwa, matanga yamekwisha, sasa alikuwa na haki ya kupaka. Nilimtazama nikalia, na kitunguu sikuwa nacho. Nilikuwa nimeiota siku hii, na sivyo nilivyokuwa nimeiota.

Hina ilipokauka akanyoosha mikono mbele. "Nimiminieni maji ninawe," akasema.

Mmoja akaenda kwenye ndoo, akaiinamisha, akairudisha. Mwingine akaenda kwenye mtungi. Tukasimama na Bi Mize wetu amenyoosha mikono. Na kwa mara ya kwanza tangu lisimikwe, wote kwa pamoja tukageuka tukalitazama lile bomba la mtaani. Lilikuwa bado la buluu. Lile la kijani lilikuwa limerudishwa ghalani.

Hakuna aliyetoa hotuba. Mtu alichukua ndoo yake, mwingine akachukua yake. Bi Mize akatangulia, tumemshika viwiko, mikono yake iko mbele kama mtu anayebeba sinia. Tukaenda hadi Wizara ya Subira na Michezo, na njiani mitaa mingine ikawa inatoka na ndoo zake.

Kwenye ngazi za Wizara alikuwa amesimama Jongo. Amepandishwa tena cheo: sasa ni Mkurugenzi wa Misimu Ijayo. Aliniona mimi kwanza, akatazama chini, akarekebisha tai, kisha akanyanyua kipaza sauti kwa mkono ule ule.

"Ndugu wananchi," akasema, "Wizara inawaomba msubiri."

Bi Mize alipanda ngazi moja, akapanda ya pili, akamnyooshea ile mikono yenye hina kavu karibu kabisa na suti.

"Matanga yamekwisha, mwanangu," akasema. "Leta maji ninawe."